Simu mbili zikituma kwa pamoja, kikomo chao ni kipi?

Swali: Ndugu zangu, fomula ya Shannon ya mwaka 1948 kwa mtumaji mmoja, ile inayotoa kikomo cha kasi ya kutuma data bila makosa penye kelele (mawimbi ya ovyo yanayovuruga ujumbe), naielewa. Linalonitatiza ni hili: simu mbili zikituma kwa wakati mmoja, katika masafa yale yale, kwenda mnara mmoja, kikomo chao hupatikanaje, na kwa nini kupeana zamu kusitoshe?

Jibu la kwanza: Tuchukue kwamba nguvu ya kila simu inayofika mnarani ni mara 15 ya kelele. Simu ikiwa peke yake hupata biti 4 kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa masafa, na zikipeana zamu bila kuongeza nguvu, jumla hubaki 4. Zikituma pamoja, mnara husoma kwanza ujumbe wa simu moja, ukiihesabu nyingine kuwa kelele, na kupata takriban biti 0.95, kisha huuondoa ujumbe huo katika mawimbi uliyopokea, na hapa ndipo uzuri wenyewe ulipo, kwa kuwa simu ya pili sasa husomwa kana kwamba iko peke yake, kwa biti 4 kamili. Jumla ni 4.95.

Jibu la pili: Niongeze kwamba simu ikiruhusiwa kutumia nguvu maradufu katika zamu yake, zamu nazo hufikia 4.95. Ugumu hasa huanza pale kila mtumaji anapokuwa na mpokeaji wake, huku mawimbi yao yakiingiliana, kwa maana uwezo kamili wa hali hiyo, kwa jumla, haujajulikana hadi leo, ingawa mwaka 2008 watafiti Etkin, Tse na Wang walionyesha namna ya kuukaribia kwa tofauti isiyozidi biti 1 kwa kila mtumiaji.