MREJESHO: Ng'ombe waliokuwa wanarudiwa na nagana

Wakuu, niliuliza kwa nini ng'ombe wangu huku Pangani wanachomwa sindano ya nagana (ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o), wanapata nafuu, kisha wanakonda upya. Ahsanteni mlionijibu. Wengi mlisema tuanzie kwenye kipimo cha dawa, na ndiko tatizo lilikokuwa.

Daktari wa mifugo alichukua damu, akaona vimelea kwenye hadubini, ndipo akapima kila ng'ombe kwa utepe wa kifuani. Fahali tuliyemkadiria kilo 200 alikaribia 300. Diminazini, dawa ya kutibu nagana, kipimo chake ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo pakiti yenye gramu 1.05 za dawa inamtosha mnyama mmoja wa kilo 300. Aliyekuwa akituchomea aligawa pakiti moja kwa ng'ombe watatu wakubwa! Hapo vimelea havifi vyote, na vinavyobaki ndivyo vinavyozoea dawa. Inaniuma sana, kwa sababu mbung'o hubeba vimelea hivyo sugu hadi kwa jirani.

Safari hii dawa ilichanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, ikachomwa ndani kabisa ya msuli. Diminazini hutibu lakini haikai sana mwilini, hivyo kinga itakuwa isometamidiamu, ambayo hubaki pale ilipochomwa na kulinda miezi 2 hadi 4. Msishtuke mkiona uvimbe hapo.

Damu iliyopimwa tena haikuonyesha vimelea, na maziwa yameongezeka. Tumeanza pia kuwapaka dawa ya kuua mbung'o, maana malisho yetu yamepakana na pori.