Tupeane uzoefu: tunalindaje kumbukumbu na wepesi wa akili uzeeni?

Ndugu wanajamvi, ningependa tukusanye hapa uzoefu wetu wa kutunza akili tunapozeeka, au tunapowalea wazazi waliozeeka. Naanza na wa kwangu. Mama alipoanza kujibu maswali ambayo hakuulizwa na kujitenga mazungumzo yakinoga, wengi nyumbani walisema ni uzee tu. Daktari alianza na masikio: akaondoa nta iliyoganda, akampima, na ikabainika kwamba usikivu ulikuwa umeshuka pande zote mbili. Tangu avae vifaa vya kusikia, anafuatilia maongezi hadi mwisho na ndiye anayetukumbusha ahadi zetu. Sidai kwamba vifaa hivyo hutibu dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Lakini asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi kukisia maneno, zikabaki chache za kuyahifadhi, na taratibu huacha kukaa na watu. Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo kupungua kwa usikivu na uoni, ikakadiria kwamba yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Muuguzi mstaafu: Nakuunga mkono, nami naongeza suala la dawa. Baba mkwe wangu alikuwa akiamka amechanganyikiwa, hajui hata ni siku gani. Tulipompelekea mfamasia dawa zake zote, pamoja na zile alizojinunulia mwenyewe, ilionekana kwamba vidonge alivyotumia kupata usingizi vilikuwa vya kundi la zamani la dawa za mzio, ambazo huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kumbukumbu. Daktari alimwachisha, na akili ikamtulia. Nawasihi pia: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri, kwani huenda ana maambukizi, ameishiwa maji mwilini au sukari imeshuka.

Mchangiaji wa tatu: Kwangu ni presha. Namshukuru daktari aliyenieleza kwamba mishipa midogo ya ubongo huumia kimyakimya miaka mingi kabla ya dalili, kwa hiyo nameza dawa hata ninapojisikia mzima, na kila jioni natembea kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza lakini si kuimba.

Mwalimu mstaafu: Mafumbo ya maneno nilikwisha kuyazoea, hayakunisumbua tena. Nikaanza kujifunza kinanda pamoja na wenzangu. Vidole vinakosea, macho yanakimbizana na nota, na naamini ugumu huo, pamoja na kukutana na watu, ndio unaonifaa.

Mwanzisha mada: Ahsanteni sana. Baba yangu naye hasikii vizuri, ila anakataa kabisa kupimwa. Aliyefanikiwa kumshawishi mzazi wa namna hiyo bila kumvunjia heshima, atueleze alianzia wapi.