Ukoo wa Bibi: runinga mpya na namba zake

Shangazi Rukia: Asalaam aleykum nyote. Tangu tumuondolee Bibi dikoda, ile karatasi yake ya namba pale ukutani haifai tena. Jana habari ya saa moja imempita, akalala na kinyongo. Nani anajua mambo haya?

Salim (Marekani): Waaleykum salaam, shikamoo Shangazi. Runinga ina T2 ndani, yaani kipokezi cha dijitali cha antena?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Muuzaji kasema inayo. Mwanajuma kachomeka antena, kaitafutisha chaneli, haikupata hata moja.

Mwanajuma: Menyu iliniuliza antena au kebo. Nikachagua kebo kwa kuwa ni waya.

Salim (Marekani): Hapo ndipo mdogo wangu. Waya ni wa antena huo. Kebo ni mfumo mwingine, hata mawimbi yake yamefumwa vingine. Chagua antena, nchi iwe Kenya, kisha tafuta upya.

Mjomba Kisauni: Na muiweke antena juu ya paa, si nyuma ya kabati!

Mwanajuma: Zimekuja! Ila zimejipanga 1, 2, 3 tu, hazifanani na za karatasi.

Salim (Marekani): Tafuta palipoandikwa LCN kwenye menyu, yaani namba za chaneli zinazopangwa na warushaji wenyewe, uiwashe, kisha urudie. Namba si masafa. Mkondo mmoja wa masafa huko kwetu una upana wa 8 MHz na umebeba chaneli kadhaa, kama matatu na abiria wake. Namba ya kila abiria inatumwa ndani ya mawimbi yenyewe. LCN ikizimwa, runinga inawahesabu kwa mpangilio inaowakuta.

Mjomba Kisauni: Kwa hiyo dikoda ilikuwa na namba zake?

Salim (Marekani): Naam Mjomba, dikoda za kulipia hufuata orodha ya kampuni. Mimi yalinikuta huku. Nilitoa kisanduku cha kampuni ya kebo, nikachomeka kebo moja kwa moja kwenye runinga. Chaneli niliyoizoea ikawa 87-3. 87 ni mkondo, 3 ni programu iliyomo ndani yake. Baada ya miezi kampuni ikaihamishia mkondo mwingine bila hata ujumbe, nikaipoteza kabisa. Stesheni za mjini ndizo mara nyingi hubaki na namba yao ya hewani, mfano 4-1, kwa kuwa imeandikwa ndani ya mawimbi. Tena tangu 2012 serikali ya huku imeziruhusu kampuni za kebo zilizo dijitali tupu zifunge kwa msimbo hata chaneli za msingi, basi bila kisanduku wengi hawaoni kitu. Huko nyumbani za bure ziko wazi. Hilo linanifurahisha sana kwa ajili ya Bibi.

Mwanajuma: LCN nimewasha. Sasa zimekaa kwa utaratibu, ila mbili zimekwenda 800 na zaidi.

Salim (Marekani): Hizo zimegongana namba na nyingine, runinga imezisogeza mbali. Ziache. Chaneli sita anazozipenda Bibi ziweke kwenye orodha ya vipendwa, umuandikie karatasi mpya. Herufi kubwa, kalamu nyeusi, macho yake mwayajua.

Shangazi Rukia: Karatasi naandika mimi. Magharibi imeshaadhiniwa, yuko kwenye msala. Akitoa salamu ataikuta habari yake iko tayari.