SSI ya mama inakatwa, N-648 imekataliwa

NEEMA
Ndugu zangu, hamjambo. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza na kumbukumbu imekwenda. Barua imekuja: miaka 7 tangu aingie Marekani kama mkimbizi inatimia mwezi ujao, na SSI (pesa ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) inasimama kwa kuwa bado si raia. N-400, fomu ya kuomba uraia, tulishatuma, ila kwenye mahojiano afisa aliikataa N-648, fomu ya daktari ya kumsamehe mgonjwa mtihani wa Kiingereza na uraia. Nirudi kwa daktari yuleyule aandike upya, au nitafute mwingine? Na kodi ya nyumba nitalipa na nini?

BARAKA
Pole dada. Mama akishapita 55 hana haja ya Kiingereza, anahojiwa kwa Kiswahili. Mjomba wangu alipita hivyo hivyo.

ESPÉRANCE
Kaka Baraka, usipoteze watu! Hiyo ya 55 inataka green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) ya miaka 15, ya 50 inataka miaka 20. Na hata kwa Kiswahili, maswali ya historia na serikali yako palepale. Mtu anayesahau majina ya wanawe atamkumbuka rais wa kwanza?

Kwa baba yangu daktari aliandika "kisukari, presha, uzee", basi. Ikarudi. Afisa hatafuti jina la ugonjwa, anataka aelezwe unamzuiaje mtu kujifunza: ubongo umeumia wapi, kwa nini neno alilofundishwa asubuhi jioni halipo.

BARAKA
Mjomba aliingia 2001, na alipita, nilikuwepo. Mtu anaweza kurekebishwa bila kufokewa.

MZEE AMISI
Wanangu, tulieni. Kwa mkimbizi, miaka 5 ya kuomba uraia inahesabiwa tangu ulipotua, siyo tangu kadi ilipofika mkononi. Green card ya mkimbizi huandikwa tarehe ya kuingia. Wengi hawajui, wanangoja miaka 5 mingine baada ya kadi, SSI inawakatikia wakiwa kwenye foleni. N-400 inatumwa hata siku 90 kabla ya hiyo 5. Akishakula kiapo, SSI anaomba upya.

Walau ninyi mko huku. Mjukuu wangu mgonjwa wa moyo yuko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania; kesi ya kuhamia huku ilishapita, Januari 2025 Marekani ikafunga safari za wakimbizi. Vipimo vya afya vimekwisha muda, na mtoto miguu inavimba.

REHEMA
Pole sana mzee. Wagonjwa ndio wangetangulia! UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lina kundi la kuhamisha wenye mahitaji ya matibabu, lakini kule kambini watu waliogopa hata kulitaja, wakidhani wataonekana mzigo wanyimwe. Binamu yangu alificha kifafa mpaka ndani ya ndege. Kufika huku, dawa hana, faili hana, akaangukia kituo cha basi.

Sasa anadaiwa mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, shirika la uhamiaji, na kipato chake ni SSI tu. Kuna aliyepunguziwa?

ESPÉRANCE
Omba kwa shirika linalokutumia bili, kabla hujakosa malipo. Peleka na barua ya SSI. Mimi walinipunguzia.