Ada ya mitaro ya mvua iingizwe kwenye bili ya maji?

Mtaro Wazi: Wakuu, naleta hoja, povu ruksa. Kila masika Dar ni yale yale: Msimbazi umefurika, Jangwani pamefungwa, tunaanza kulaumiana. Naona kila mwenye nyumba alipe ada ndogo ya mitaro humo humo kwenye bili ya maji. Maji safi tunalipia, majitaka waliounganishwa wanalipia, ya mvua kwa nini yawe bure na ndiyo yanayotubomolea kuta?

Kinyerezi Mlimani: Walipe wa mabondeni. Mimi niko juu, kwangu maji yanapita tu. Na wapangaji mtulie, hii mada ya wenye nyumba.

Mpangaji Sugu: Tutulie? Kodi ya majengo ilipohamia LUKU mwaka 2021, elfu moja kila mwezi, aliyekatwa nani? Mimi ninayenunua umeme. 2023 ikawa elfu moja mia tano, nikakatwa mimi tena. Hiyo ada ikiingia kwenye bili ya maji tutailipa sisi wa vyumba sita, mwenye nyumba kalala zake.

Kinyerezi Mlimani: Serikali ilishasema muelewane, mkatane kwenye kodi. Hujui kudai chako, unanililia mimi?

Mpangaji Sugu: Nimdai mtu anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Ukifungua mdomo tu unaambiwa katafute kwingine.

Mama Wawili: Wapangaji nanyi msijifanye malaika. Bili ikija kila mmoja "mimi nilisafiri", kumbe kuna mtu anafua mazulia ya ukoo mzima. Nimefunga submita, mita ndogo ya maji, kila chumba, kelele zimekwisha.

Mpangaji Sugu: Submita ambazo uniti mnauza kwa bei mliyojipangia wenyewe. Hongera.

Fundi Bomba: Jamani turudi. Mtaro Wazi, DAWASA ni maji safi na majitaka. Mitaro ya mvua iko kwa TARURA, wale wa barabara za mijini na vijijini, na halmashauri, na kwenye barabara kuu TANROADS. Hela ikikusanywa kwenye bili ya maji itavukaje hadi kwa mwenye mtaro? Halafu kuna hili ninalokutana nalo kazini. Nafunua chemba ya majitaka mvua ikinyesha, nakuta maji yanakuja kwa kasi na wala hayanuki: mtu kaelekeza maji ya bati lake humo. Bomba lile limelazwa kwa ajili ya choo na bafu, paa zima halilibebi, matokeo yake chemba ya jirani wa chini inatapika mpaka sebuleni. Mwingine anafanya kinyume, choo kakitoboza kwenye mtaro wa mvua. Kinyerezi, hayo "yanayopita tu" yanakwenda wapi?

Kinyerezi Mlimani: Fundi usinitaje. Nyumba yangu ina ramani na kibali.

Binti Vingunguti: Maji yanasoma kibali? Mmetandika pevingi ukuta hadi geti, tone halizami, yote yanatushukia sisi. Mabwawa ya majitaka nayo yako huku huku kwetu. Halafu mtu mmoja akitapisha choo, uchafu uende na maji usiku wa mvua, tunatukanwa mtaa mzima. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni, afanyeje?

Mama Wawili: Kwa hiyo dada unatetea kutapisha?

Binti Vingunguti: Nimesema gari haliingii. Soma.

Mkongwe wa Ilala: Vijana hamkumbuki City Water, ile kampuni binafsi ya maji? Waliletwa na maneno haya haya, lipeni huduma itakuja. Serikali ikawafukuza, nadhani 2007.

Fundi Bomba: 2005, mkongwe.

Mkongwe wa Ilala: Hata ingekuwa jana. Bili zilikuja, maji hayakuja.

Mtaro Wazi: Wakuu, nauliza mitaro. Fundi, ada unaipinga au unaikubali?

Fundi Bomba: Naikubali kama itakaa kwenye akaunti ya mitaro ya kata husika na itatozwa kwa ukubwa wa paa na pevingi. Mwenye kibanda cha chumba kimoja asilipe sawa na mwenye ghorofa.

Kinyerezi Mlimani: Aha, kumbe mnaniwinda mimi.

Mpangaji Sugu: Mama Wawili hajajibu. Uniti unauza shilingi ngapi?

Mama Wawili: Kwani wewe mpangaji wangu?

Mpangaji Sugu: Swali dogo tu hilo, mama. Ya kwenye bili ni ngapi na ya kwako ni ngapi?