Homebrew kwenye Mac ya M1, teminali haiioni

Wakuu nimehama toka Mac ya Intel kuja ya M1 (chipu ya Apple wenyewe), Homebrew (ile ya kuwekea programu kwa teminali) nimeweka vizuri tu ila nikiandika brew naambiwa command not found, na programu nilizokopi toka mashine ya zamani zingine zinagoma. Nakosea wapi?

— Kwenye Intel inakaa /usr/local, kwenye M1 inakaa /opt/homebrew na PATH yako (orodha ya folda ambamo teminali inatafuta amri) haipajui huko. Weka hii kwenye ~/.zprofile ufungue teminali upya:
eval "$(/opt/homebrew/bin/brew shellenv)"

— Na hizo ulizokopi futa uweke upya, ni za x86_64 (aina ya chipu za Intel), bila Rosetta 2 (kitafsiri cha Apple cha programu za Intel) haziwaki. Piga uname -m, ikileta x86_64 ujue teminali yenyewe inapitia Rosetta, hiyo ilinisumbua siku nzima aisee 😅

— Imeleta arm64 (yaani ya M1), na brew imeitika! Asanteni, nafuta za zamani sasa hivi.