Tupeane uzoefu: ulipougua akili, nani alisimama upande wako?

Wa Uyole (mwanzisha uzi)
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Uyole, Mbeya. Naishi na bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, natumia dawa, na duka langu la pembejeo naliendesha mwenyewe.

Ukiugua malaria daktari anakuuliza wewe unajisikiaje. Ukiugua akili anaulizwa aliyekuleta. Kaka anajibu, shangazi anaongezea, na wewe umekaa palepale unasikiliza habari zako. Ndugu wanatupenda, sikatai. Lakini wamechoka, wametoa nauli, na wengine wana jicho kwenye shamba. Mimi nilimpata mzee mmoja wa jumuiya yetu, si ndugu yangu wala mhudumu wa afya. Kabla ya kliniki tunakaa, ananiuliza nataka kusema nini, anaandika kwa maneno yangu. Nikikwama mbele ya daktari, anasoma. Haongezi lake. Hata asipokubaliana nami ananiambia tukishatoka nje.

Uingereza, upande wa England, jambo hili limo kwenye sheria. Sheria yao ya afya ya akili ya 1983 ilirekebishwa mwaka 2007, na tangu 2009 mgonjwa anayezuiliwa hospitalini ana haki ya kuwa na mtetezi asiyehusika na timu inayomtibu. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ila mtu wa namna hiyo wengi tunamtafuta wenyewe. Ninyi mlimpata wapi? Alisaidia nini hasa?

Dada wa Ilula
Kamwene. Mdogo wangu alirudi kutoka wodini shingo imekakamaa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka. Nyumbani tukasema ugonjwa umezidi, baba akataka dozi iongezwe. Jirani yetu, nesi mstaafu, akaomba akae naye peke yake. Akamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza: "Mwanangu, mwili wako unakuambia nini?" Akajibu kwamba akili imetulia ila mwili umefungwa.

Alikuwa anatumia haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, na dawa hiyo inaweza kuleta hali hiyohiyo. Kliniki wakaenda wawili. Bibi yule hakujibu kwa niaba yake, alisema tu, "Daktari, naomba umsikilize yeye kwanza." Dozi ikapunguzwa, akaongezewa benzeksoli ya kulegeza ule ukakamavu. Leo analima nyanya. Dawa ameendelea nazo kwa sababu hazimtesi tena.

Mkulima wa Isyonje
Yangu ni ya ardhi. Nililazwa Dodoma, hospitali ya akili ya Mirembe. Huku nyuma baba mdogo akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba langu la viazi, hoja yake ni kwamba kichaa hawezi kumiliki. Mke wangu akaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Yule mama kwanza alinipigia simu mimi, nikiwa wodini, kuniuliza ninataka nini kuhusu shamba langu. Nikasema siuzi. Ndipo akaenda na mke wangu kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwenye kikao akawasomea kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 inalinda haki ya mtu kumiliki na kurithi mali bila kujali ulemavu wake. Mwenyekiti akagoma kugonga muhuri. Bila ule muhuri mnunuzi akaondoka. Nilipopewa ruhusa nilikuta viazi vinapaliliwa.

Wa Kyela
Mimi alikuwa mchungaji. Ndugu walinipeleka kanisani nimefungwa kamba ili niombewe. Akasema nifunguliwe kwanza, akaomba, kisha akapanda gari nami hadi hospitali. Anakuja kuniona mpaka leo.

Mama wa Mafinga
Nawasoma kwa heshima, lakini niseme la mama. Mwanangu akizidiwa hataki kula, anatishia kuchoma nyumba, anasema daktari ni adui. Saa ile nikisema asikilizwe yeye, nitamzika. Mnasemaje kuhusu hilo?

Wa Uyole (mwanzisha uzi)
Mama, shikamoo. Umegusa penyewe. Saa ile mpeleke, usisubiri. Kazi kubwa hufanyika akiwa mzima. Mimi na mzee wangu tuliandika nikiwa na utulivu: dawa gani ilinidhuru, nani apigiwe simu, nani akae na watoto, nani ashike ufunguo wa duka, na kwamba nisifungwe kamba. Nakala moja iko kwa mke wangu, nyingine kwenye faili la kliniki. Nilipozidiwa tena nilipelekwa kwa nguvu, ndiyo, lakini mambo yangu yalikwenda nilivyoyapanga. Sikuamka nikiwa na hasira na watu wa nyumbani. Mwombe mtu ambaye kijana anamwamini aandike naye, wewe usiwepo chumbani. Najua inauma mzazi kutoka nje.

Mama wa Mafinga
Inauma kweli. Yupo kocha wake wa mpira, nitamfuata.

Fundi wa Mwanjelwa
Niongeze dogo: gharama zikiwashinda, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuombea msamaha. Wengi hawaijui. Ila afisa yule ni mwajiriwa wa hospitali, kwa hiyo kama lalamiko ni la wodi, nenda na mtu wa nje.

Mgeni kutoka Makambako
Dada yangu anatoka wodini wiki ijayo. Mumewe na mama yetu wanavutana atakaa wapi. Nianzie wapi?

Wa Uyole (mwanzisha uzi)
Anza kwake, kabla ya kikao cha familia. Muulize anataka kukaa wapi na kwa nini, na ni nani angependa awepo akisema hivyo. Akikutaja wewe sawa, akimtaja mwingine usinune. Siku ya kutoka piga picha karatasi ya ruhusa, majina ya dawa yote, na tarehe ya kurudi kliniki. Kisha rudi hapa utuambie alichokujibu.